Tia Hivi Begini: Vidokezo 15 vya Kufundisha Watoto Kiingereza Kitale na Bungoma

Umeamua kutoa likizo yako, au muhula mzima wa chuo, ukakae na watoto wa mitaa ya Kipsongo na Tuwan mjini Kitale, au wa kijiji kimoja nje ya Chwele kule Bungoma, uwasaidie kukishika Kiingereza. Labda unatoka Minneapolis walikohamia wazazi wako. Labda unatoka Arusha au Kampala. Labda umezaliwa Malindi na hujawahi kupita Nakuru. Popote utokapo, kuna kitu unacho ambacho kijana wa Manchester hana: Kiswahili. Siku ya kwanza tu utaongea na watoto, utaongea na mwalimu, utaongea na mama anayekoroga uji. Hapo umeshatangulia sana!

Na kazi ipo. Huku ndiko kwenye ghala la mahindi la Kenya. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na makao yake makuu yapo hapo hapo hadi leo. Lakini mtoto anaweza kulala ng'ambo ya barabara kutoka shamba la ekari mia, na asubuhi akaja shuleni na tumbo tupu. Na muda unamkimbiza. Sera ya elimu ya Kenya inataka mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha inayosemwa pale anapoishi, kisha kuanzia Gredi ya 4 karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Asiyekishika kufikia hapo haanguki Kiingereza peke yake. Anaanguka hesabu na sayansi pia, ilhali akili anazo tele.

Kabla hatujaanza kuhesabu, shika hili moja, maana vidokezo vyote vimesimama juu yake: darasa lina mwenyewe. Yule mwalimu utakayemkuta ndiye atakayekuwa na watoto hao Januari ijayo. Wewe unakwenda kumwongezea nguvu. Haya, twende!

1. Karatasi kwanza, basi baadaye

Najua, unataka kufunga begi leo leo. Ngoja kidogo! Kama unatoka nje ya Afrika, kwa kawaida utaingia kwa eTA, ile idhini ya mtandaoni iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Lakini kuingia nchini ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine, na kujitolea bila mshahara kunahesabiwa kazi. Kwa miezi michache, shule au shirika linalokupokea likuombee pasi maalumu ya Idara ya Uhamiaji. Kwa muda mrefu kuna kibali cha daraja la I, cha kazi za dini na hisani. Mwenyeji anayekwambia "njoo tu kama mtalii, tutaona mbele" ameshakuonyesha anavyoendesha mambo yake. Mshukuru, tafuta mwingine.

Mkenya, hapo umepona, ila usisahau cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi, DCI. Utaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha utoe alama za vidole. Atokaye nje aje na cheti cha polisi wa nchi yake, hata kama hakuna aliyemwomba. Shule ikiona unakuja na cheti mkononi itajua unawajali watoto.

Na jambo moja zaidi: sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inamtaka kila mwalimu awe amesajiliwa. Huna namba ya TSC? Basi unaingia darasani kama msaidizi wa mwenye namba. Wala usinung'unike, nafasi hiyo ina raha yake, utaona.

2. Chagua shule, usichague makao ya watoto

Hapa niwe mkali kidogo. Watoto wengi wanaoitwa mayatima katika makao ya watoto wana mama, baba au nyanya aliye hai. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini, na pesa za wageni zinazidi kufungua milango ya makao mengine. Ndiyo maana Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Ukienda kukaa wiki tatu kwenye makao, ukawabeba watoto mgongoni, ukawazoesha, kisha ukapotea, umewaongezea kidonda.

Shule ni hadithi nyingine. Mtoto anasoma mchana, jioni anarudi kwa mtu wake. Kuna shule za serikali zenye madarasa yaliyofurika, na kuna zile za mitaani, kuta za mabati au za udongo, zinazosajiliwa chini ya mpango wa elimu mbadala, APBET. Zote zitakupokea kwa mikono miwili. Piga simu, uliza maswali matatu tu. Shule imesajiliwa? Ada ninayolipa inakwenda wapi, na risiti ipo? Nikiondoka, nani anaendelea na somo? Mtu akijikanyaga kwenye swali la tatu, endelea kutafuta. Shule hazijaisha!

3. Soma kalenda mbili

Ya kwanza ni ya shule. Miaka hii muhula wa kwanza unafunguliwa Januari, wa pili mwishoni mwa Aprili, wa tatu mwishoni mwa Agosti mpaka Oktoba. Unaona tatizo? Watu wa ng'ambo hupata likizo Julai na Agosti, wakafika Kitale Agosti, katikati ya mihula, wakakuta lango limefungwa! Ukiweza, omba ruhusa kazini uje Mei au Juni. Muhula wa pili umetulia, watoto wameshazoeana, na mwalimu ana nafasi ya kukusikiliza.

Ya pili ni ya shamba. Machi na Aprili ni kupanda, na kuanzia Oktoba ni kuvuna. Siku hizo utaona madawati yana nafasi. Usikimbilie kumwita mtoto mtoro. Yuko shambani na mama yake, wanatafuta cha kula. Ujanja wa haraka: usifungue mada mpya siku hizo. Fanya marudio na wale waliokuja, na uwaandae wawafundishe wenzao wakirudi. Mtoto anayemfundisha mwenzake haisahau mada hiyo tena.

Bungoma ina kalenda ya tatu pia. Agosti ya miaka shufwa, 2026, 2028 na kuendelea, ni msimu wa tohara kwa Wabukusu. Utawaona wavulana wakipita vijijini na chinyimba mikononi, zile njuga za chuma, wakiwaalika wajomba na shangazi. Ukialikwa, nenda! Muulize mwenyeji wako ukae wapi na uvae nini, na ukiambiwa hapa si pako, ondoka bila swali la pili.

4. Wiki ya kwanza kaa dawati la nyuma

Ukifika, anza na mwalimu mkuu, kisha mwalimu wa darasa, kisha mlinzi, kisha mpishi. Wasalimie kwa "mulembe" upande wa Wabukusu uone nyuso zinavyofunguka. Halafu kaa nyuma ya darasa na daftari, funga mdomo, tazama. Nani anakaa karibu na ubao? Nani hajainua mkono tangu Jumatatu? Mwalimu anatumia maneno gani kunyamazisha darasa? Uyakariri, utayahitaji.

Ijumaa jioni muulize mwalimu: "Ungepata mikono miwili ya ziada kwenye somo la Kiingereza, ungeipa kazi gani?" Kisha fanya hiyo hiyo atakayokwambia. Pengine atasema kuna watoto kumi na wawili wa Gredi ya 3 ambao bado hawajui herufi, na yeye hana dakika ya kuwatoa pembeni. Dakika ishirini kila siku chini ya mti na hao kumi na wawili zitaleta matunda mengi kuliko somo lolote la mbwembwe mbele ya darasa zima.

5. Mimi, sisi, wewe

Utakuta watoto 60, pengine zaidi, katika chumba kimoja. Usitishike! Walimu wa Kenya wana dawa yake tayari, na ilisambazwa nchi nzima kuanzia 2015 kupitia mpango wa Tusome wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini. Inakwenda hivi. Mimi: mwalimu anasoma sentensi, "The goat is eating the maize," watoto wanasikiliza. Sisi: wote pamoja na mwalimu. Wewe: mtoto mwenyewe.

Kosa la wageni wengi ni kukwama kwenye "sisi". Darasa zima linaimba sentensi, paa linatikisika, unafurahi, kumbe ishirini wanachezesha midomo tu. Baada ya sauti ya wote shuka kwa safu moja, kisha watoto wawili wawili wasomeane masikioni, kisha mmoja mmoja. Na hao mmoja mmoja, anzia nyuma. Aliye mbele atajibu hata usipomuuliza, si ndiyo?

6. Anza na Kiingereza walichonacho

Watoto watakwambia hawajui Kiingereza. Usikubali! Siku yako ya kwanza mbele ya ubao, chora shati, soksi, benchi, tochi, kabeji, baiskeli. Waulize majina yake. Watayataja yote kwa kelele, kwa Kiswahili. Sasa andika pembeni "shirt", "socks", "bench", "torch", "cabbage", "bicycle", na uwasomee taratibu. Utaona macho yanavyoongezeka ukubwa. Dakika kumi na tano, maneno sita, na darasa lililoingia likiwa na hofu linatoka likiwa limeshajua kitu. Waachie kazi ya nyumbani: waje na mengine matatu waliyoyasikia gereji, dukani au kwenye redio. Watakuja na kumi.

7. Karatasi inayocheza mbele ya mdomo

Hiki nakipenda kuliko vyote. Utasikia mtoto akisoma "pig" badala ya "big", "tok" badala ya "dog". Hana kasoro yoyote. Katika Lubukusu, sauti za b, d na g huja zikiwa zimetanguliwa na m au n, na Kisabaot, lugha ya Mlima Elgon, hakiipi tofauti ya p na b uzito wowote. Kenya nzima huwacheka watu wa magharibi kwa jambo hili, na mtoto wa miaka minane ameshausikia mzaha huo. Darasani kwako pasisikike kicheko hicho hata siku moja.

Sasa kazi. Chana kipande cha karatasi cha daftari, urefu wa kidole cha kati, upana wa kidole gumba. Kishike sentimita chache mbele ya midomo yako, useme "pin". Karatasi inaruka. Sema "bin". Karatasi inatulia, inatikisika kidogo tu. Rudia mara mbili, watoto waitazame midomo yako, kisha kila mmoja achane karatasi yake. Hapo darasa litageuka uwanja wa michezo, liache! Baada ya muda mfupi utasikia b safi kutoka kwa mtoto ambaye hujawahi kumsikia sauti.

Wakikwama, pitia njia wanayoijua. Wote wanaweza kusema "mbuzi". Waambie waanze na "mmm-bin", wavute ile m, kisha waimeze. Kwa d, pitia "ndege" uende "nnn-den". Kwa g, pitia "ngoma" uende "goat". Dakika tano kila siku, kwa wiki mbili, bila kumsahihisha mtu katikati ya sentensi yake. Mtoto akisimulia jambo, mwache amalize. Sauti itangoja.

8. Mvua ikipiga mabati, nyamaza

Kitale na Bungoma mvua hunyesha mchana mara kwa mara kwa miezi mingi ya mwaka, na chini ya paa la mabati lisilo na dari hakuna koo linaloshinda. Usipige kelele, utapoteza sauti na wiki nzima. Kuwa na somo la kimya mfukoni, siku zote. Andika amri ubaoni moja baada ya nyingine: "Stand up." "Touch your nose." "Give your friend a pencil." Watoto wanasoma, wanatenda. Aliyekosea anaonekana bila kuulizwa, na wenzake wanamsaidia kwa ishara. Baadaye mtoto mmoja anashika chaki na kuandika amri yake, na wewe unatii. Watataka mvua inyeshe na kesho!

9. Iache lugha ya nyumbani ipumue

Wakenya waliosoma shule za msingi wanaikumbuka "disk", kile kibao kilichovishwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama, naye akamnase mwenzake ili amrithishe. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto wa enzi za ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Wewe usiirudishe adhabu hiyo kwa jina lolote, hata la mchezo. Mtoto aliyefundishwa kuonea aibu mdomo wa mama yake huongea kidogo katika lugha zote.

Jaribu hivi: bandika picha moja ubaoni. Dakika tano wajadiliane wawili wawili kwa Lubukusu, Kiturkana, Kiswahili, chochote. Kisha kila jozi itoe maneno matano ya Kiingereza kutoka katika mazungumzo yao. Yale wasiyoyajua watakuuliza, na neno ambalo mtoto amelitafuta mwenyewe halimtoki kichwani.

Hadithi za bure zipo pia. African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una vitabu vya picha mtandaoni kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingi za Kenya, Lubukusu na Kiturkana zikiwemo. Pakua hadithi moja kwa lugha mbili, chapisha kwenye saiba mjini, na mwombe mwalimu asome ile ya nyumbani kwanza. Halafu wewe uisome ya Kiingereza. Watoto tayari wanajua fisi ataishia wapi, kwa hiyo nguvu yao yote inakwenda kwenye maneno mapya.

10. Ruka "My Family", fundisha majina

Kila kitabu cha Kiingereza kina ukurasa wa baba, mama na watoto wawili mezani. Ufunge. Darasani kwako yumo mtoto anayelelewa na nyanya, yumo ambaye familia yake ilikimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, yumo ambaye wazazi wake walikimbia vita vya Mlima Elgon kabla hajazaliwa, na yumo aliyelala sokoni Kitale jana. "Describe your father" inaweza kumfunga mdomo kwa muhula mzima. Sarufi ile ile unaipata ukiuliza: "Who helps you?" Mmoja atasema dada, mwingine mwalimu, mwingine mama muuza mboga. Kila mtoto ana jibu.

Ukitaka kitu kitamu zaidi, tumia majina yao. Wafula na Nafula wamebeba mvua, Wekesa na Nekesa mavuno, Simiyu na Nasimiyu kiangazi, Kibet na Chebet mchana. Nusu ya darasa ina majira na saa katika majina! Kila mtoto akaulize nyumbani kwa nini aliitwa hivyo, kesho aje na sentensi moja: "I was born in the rain." Umefundisha wakati uliopita, hali ya hewa na misimu, na mama kule nyumbani ameshirikishwa somo la Kiingereza bila kujua neno lake hata moja. Nawe, kwa njia hiyo hiyo, umeyajua majina ya wote.

11. Uji, halafu maneno mapya

Mwenye njaa hasikii. Uliza uji unatoka saa ngapi, kisha upange maneno mapya baada ya hapo na michezo ya marudio kabla. Kama uji haupo, zungumza na mwalimu mkuu na kamati ya wazazi kuhusu kununua unga kupitia kwao, kwa watoto wote. Usigawe mikate mlangoni kwa unaowapenda.

12. Gunia, vizibo na blada

Acha madaftari ya ng'ambo yabaki ng'ambo. Uzito wa begi utakutoa machozi uwanja wa ndege, na maduka ya Kitale na Bungoma yanayo kwa bei nafuu. Nunua huko, pesa ibaki huko.

Vifaa vingine ni vya bure. Gunia la nailoni likipasuliwa upande na kunyooshwa linakuwa chati isiyochanika: andika maneno kwa kalamu ya wino mzito, litundike kwa misumari, jioni likunje. Walimu wa chekechea wanalijua hili siku nyingi, waombe wakuonyeshe. Vizibo vya soda, omba kwenye hoteli na vibanda. Kila kizibo herufi moja: irabu kwa wino mwekundu, konsonanti kwa mweusi. Gawia kila kundi mfuko wa vizibo, taja neno "market", shindaneni. Siku nyingine vizibo hivyo hivyo ni shilingi: fungueni soko la Chwele humo darasani, muuza nyanya upande huu, muuza vitunguu ule, na bei zote kwa Kiingereza. Mtoto anayeuza na mama yake sokoni atakushinda kwa kupunguza bei!

Wakitoka nje, fuatana nao. Wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wahesabu kwa Kiingereza. Wakiruka blada, ile kamba ya mpira, kila mruko herufi moja ya jina la anayeruka. Hiyo ni nusu saa ya mazoezi ambayo haipo kwenye ratiba na hakuna anayelalamika.

13. Simu ikae mfukoni, fimbo ikae mbali

Picha ya mtoto aliyechakaa nguo itapata mioyo mingi mtandaoni, na atakapokuwa na miaka 20 bado itakuwa huko. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Piga picha ya gunia, ya vizibo, ya ubao. Zinaeleza kazi yako vizuri zaidi.

Viboko shuleni vimepigwa marufuku, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imelitia jambo hilo muhuri. Bado unaweza kukuta fimbo mezani. Usimfokee mwalimu mbele ya watoto. Mwone faragha, kisha mwalimu mkuu. Lakini mtoto akikwambia jambo linalotisha, la kupigwa vibaya au kuguswa, usilifunge moyoni. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure, mchana na usiku. Iandike nyuma ya daftari lako leo, kabla hujaihitaji. Wala usiwe peke yako na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa: mlango wazi, au chini ya mti panapoonekana na wote.

14. Chandarua Bungoma, sweta Kitale

Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na jioni inabana. Mtu wa Pwani, nunua sweta la mitumba ukifika. Bungoma iko chini na malaria ipo, kwa hiyo chandarua kila usiku, bila kukosa, na ukisikia homa nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Viatu vya mpira vya mvua viwepo huku na huku. Tumemaliza hapo!

15. Taja siku ya kuondoka tangu siku ya kufika

Andika tarehe ubaoni wiki ya kwanza, kwa Kiingereza, na watoto wahesabu nawe. Usiahidi kurudi kama hujakata tiketi. Usimwahidi mtoto mmoja karo ya sekondari ukiwa na machozi ya kuaga. Ukitaka kulipa karo, fanya mpango na shule na mzazi, kwa maandishi, na uwe na uhakika wa miaka yote.

Sasa tuje kwa mkono wa kumwachia mwalimu, mtu wa kuendelea na kazi ukiondoka. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake 2015, na kimejaa vijana wanaosomea ualimu. Nenda ukabishe hodi wiki ya pili, usingoje ya mwisho. Tafuta mmoja au wawili wanaoweza kuja Jumamosi, wakae nawe kwenye lile kundi la watoto kumi na wawili, wajifunze mchezo wa karatasi na somo la mvua, nao wakufundishe vya kwao, maana wanavyo. Kama unatoa nauli yao ya bodaboda kwa muhula mmoja, hiyo ni pesa iliyokaa mahali pake. Siku ya kuondoka, magunia, vizibo na orodha ya kila mtoto alipofikia vikabidhiwe kwa mwalimu wa darasa, mezani kwake, mbele ya watoto.

Na ukishafika nyumbani, mpigie mwalimu. Muulize wale kumi na wawili wamefika ukurasa wa ngapi, na vizibo vingapi vimepotea, ili umwambie yule kijana wa Kibabii apite hotelini akaombe vingine.